Usiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kompyuta Mpakato ya Chuo

Mwezi wa 10 ukikaribia, meza yangu ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga, hubadilika. Siku za kawaida naletewa simu zilizoingia maji na redio zilizokatika sauti. Vyuo vikikaribia kufunguliwa, naletewa wanachuo. Kijana anakuja na mzazi wake, kompyuta ingali kwenye mfuko wa dukani, stika hazijabanduliwa, na wanachotaka ni kuwekewa programu tu. Naiwasha, nasoma kilichomo, na mara nyingi nagundua kwamba pesa imeshapotea kabla hawajafika kwangu.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja kutoka Muheza, muuza machungwa, na binti yake aliyechaguliwa kusoma upimaji ardhi. Mashine yao ilipendeza: mpya, nyembamba, rangi ya fedha. Ndani mlikuwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Celeron, ya daraja la chini, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4 GB, na hifadhi ya 64 GB iliyochomelewa kwenye bodi, haitoki wala haiongezwi. Windows peke yake ilishakula zaidi ya nusu ya nafasi hiyo. "Fundi, mbona kimya?" akaniuliza. Msimu mzima wa machungwa ulikuwa juu ya meza yangu, na kompyuta ile isingeweza kufungua hata ramani moja ya darasani.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mwanachuo mwenye bajeti ya kawaida, mashine ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, diski ya SSD na RAM isiyopungua 8 GB, inaishinda mashine mpya ya bei hiyohiyo. Kizazi na SSD nitavieleza mbele. Ila lazima uijaribu mwenyewe, pale dukani, kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Anza na kozi, duka baadaye

Swali la kwanza ninalomuuliza mzazi ni kijana anakwenda kusoma nini.

Anayesomea ualimu, sheria, utawala, lugha au uuguzi atafanya kazi ya kuandika, kusoma PDF, kuandaa slaidi na kutazama mihadhara. RAM ya 8 GB inamtosha kabisa. Wa uhasibu, uchumi na takwimu atakutana na Excel yenye maelfu ya mistari, SPSS ya takwimu, pengine na Tally ya uhasibu. Huyu naye 8 GB inamtosha, lakini awe na Windows, maana Tally imetengenezwa kwa ajili ya Windows.

Wa upimaji, mipango miji, misitu na mambo ya ramani mahitaji yake ni makubwa zaidi. ArcGIS Pro inakaa kwenye Windows tu na inataka RAM ya kutosha, kwa hiyo lenga 16 GB. Ipo pia QGIS, ya bure na nzuri sana, ambayo inavumilia mashine ya wastani. Wa uhandisi na usanifu majengo ndiye mwenye mzigo mzito kuliko wote: Revit na SolidWorks ni za Windows tu, na michoro ya pande tatu inahitaji kadi ya picha inayojitegemea. Kama kozi yako ni hiyo, usinunue lolote kabla hujazungumza na mwanafunzi wa mwaka wa 2 wa kozi hiyohiyo. Muulize wanatumia programu gani, toleo lipi, na je, maabara ya chuo ina kompyuta zenye programu hizo? Maabara ikiwa nzuri, mashine yako inaweza kuwa ya kawaida.

Hapa nina neno ambalo wazazi wengi hawalipendi: si lazima kijana aripoti chuoni na kompyuta mkononi. Wiki za mwanzo ni usajili, kutafuta vyumba na kuzoeana. Akisubiri akasikia walimu wanataka nini, atanunua kwa akili. Nimeona mashine nyingi zilizonunuliwa kwa haraka ya Septemba zikiuzwa kwa hasara Januari.

Mac je? Zile zenye chipu ya M1, zilizoanza kutoka mwaka 2020, ni mashine bora na betri zake zinadumu. Lakini RAM yake haiongezwi, vipuri ni ghali, na programu nilizozitaja hapo juu nyingi hazikai. Chromebook nayo utaiona inauzwa rahisi, imeandikwa jina la kampuni unayoifahamu. Hiyo haiendeshi programu za Windows. Mzazi, kama muuzaji anakwambia "ni laptopu kama nyingine tu", iwashe uone mwenyewe kabla hujamwamini.

Hatua ya 2: Igawe bajeti kabla hujatoka nyumbani

Usibebe pesa yote ukaimalizia kwenye mashine. Tuseme umepata laki 7. Tafuta mashine isiyozidi laki 6, ibaki laki moja ya begi lenye sponji, flashi, na kuongeza RAM au kununua chaja kama ya dukani ni mbovu. Na wewe kijana unayesubiri bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, nakusihi: bumu ni la kula na kulala. Waliolitumia kununua kompyuta nimewaona wakirudi kuiuza ili wale.

Hatua ya 3: Jifunze kuisoma prosesa

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa, na ndipo nataka utulie.

Muuzaji atakwambia "hii ni Core i7", na sura yako itang'aa. Herufi hiyo peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni namba inayofuata. Ukiona i5-8250U, ile 8 baada ya mstari ndiyo kizazi. Ukiona i7-6600U, hicho ni kizazi cha 6. Ukiona i5-10210U, tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazohesabiwa, ni kizazi cha 10. Na i5-1135G7 ni cha 11.

Kwa nini ninang'ang'ania kizazi cha 8? Sababu ya kwanza ni nguvu. Kabla yake, prosesa za Intel za mashine hizi nyembamba, hata zilizoitwa i7, zilikuwa na viini 2 tu, yaani sehemu 2 za kufanyia kazi. Kizazi cha 8 kilipoingia mwaka 2017, i5 na i7 zikawa na 4. Kwa hiyo i5-8250U, jina dogo, ina viini mara mbili ya i7-7500U, jina kubwa. Mwanafunzi anayefungua mhadhara wa video, kivinjari chenye kurasa kumi na Word kwa pamoja ataiona tofauti hiyo kila siku.

Sababu ya pili ni Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa masharti ya Microsoft yenyewe, inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Kuna mafundi wanaoipiga kwa nguvu kwenye mashine za kizazi cha 4 au cha 6. Inawaka, ndiyo, lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba masasisho yataendelea kuingia, na mwanachuo anahitaji mashine ya miaka 3 au 4.

Usisome stika iliyo karibu na kibodi. Stika inabanduliwa na kubandikwa nyingine kwa dakika moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Jina kamili la prosesa litatokea hapo.

Hatua ya 4: Diski na RAM

Wauzaji hupenda kutaja ukubwa wa diski: "hii ina terabaiti nzima!" Uliza ni ya aina gani. Diski ya zamani, HDD, ina sahani inayozunguka na sindano inayoisoma. SSD haina kinachozunguka, na ina kasi mara nyingi zaidi kwa kusoma na kuandika. Mashine ileile ikiwa na HDD inakupa muda wa kuchemsha chai kabla haijawaka, na ikiwekewa SSD inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Chukua SSD ya 256 GB uache HDD ya 1 TB. Kwa sisi wa Tanga, tunaobeba kila kitu kwa baiskeli, sababu ipo nyingine: HDD inachukia mtikisiko, na barabara zetu unazijua.

Kuhakikisha ni rahisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya "Performance". Kwenye diski pataandikwa SSD au HDD. Kwenye "Memory" utaona ukubwa wa RAM na idadi ya nafasi zilizotumika. Ukikuta "1 of 2", furahi, kuna nafasi moja wazi ya kuongeza baadaye pesa ikipatikana.

Hatua ya 5: Majina ninayoyaamini

Mashine za maofisini zimejengwa kwa ajili ya kutumika kutwa. Kibodi zake ni imara, bawaba ni za chuma, na fundi yeyote anazifungua. Mimi humwambia mteja atafute Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, au Dell Latitude 5490 au 7490. Zote ni za inchi 14 na zinapatikana zikiwa na kizazi cha 8. Kuwa macho na namba za jirani: EliteBook 840 G3 na G4 zinafanana na G5 kwa jina, lakini ni za kizazi cha 6 na cha 7, na muuzaji asiye mwaminifu anazichanganya. T480 naipenda kuliko zote kwa sababu betri yake ya nyuma unaichomoa kwa vidole, bila bisibisi, na inachaji kwa tundu la USB-C.

Hatua ya 6: Nusu saa ya dukani

Nenda mchana, uone vizuri. Beba flashi, hedifoni za simu, simu yenye bando, kalamu na karatasi. Muuzaji asipokuruhusu kuijaribu, msalimie uondoke.

Kabla ya kuiwasha, ilaze juu ya meza iliyonyooka na ubonyeze kona zake nne. Ikiyumba, au padi ya kugusa imeinuka kidogo katikati, betri huenda imevimba. Iache hapohapo. Fungua kioo polepole, sikiliza bawaba, angalia kama plastiki ya pembeni imepasuka. Chungulia matundu ya USB kwa tochi ya simu. Mashine iliyokaa karibu na bahari hujionyesha humo, kutu ya kijani kwenye shaba.

Ukishaiwasha, fungua ukurasa mweupe uliojaa kioo kizima, halafu mweusi. Madoa, mistari na sehemu zilizofifia zitajitokeza. Kaa pembeni kidogo utazame: kama rangi zinageuka, kioo ni duni, na macho yako ndiyo yatakayoumia usiku wa mitihani.

Halafu kibodi. Fungua sehemu ya kuandikia na uandike sentensi ndefu ya Kiswahili, si kubonyezabonyeza. Mashine nyingi zilizotumika zinatoka Ulaya, na kibodi ya Kijerumani imebadilishana nafasi za Y na Z. Kijana mmoja aliniletea ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo: "za" zote zimekuwa "ya" na "ya" zote zimekuwa "za", ukurasa mzima, na alidhani kompyuta ina kirusi. Kwa Mjerumani ni herufi mbili tu, lakini Kiswahili kinasimama juu ya herufi hizo. Mpangilio unaweza kubadilishwa ndani ya Windows, ila alama zilizochapwa juu ya vitufe zitabaki kukudanganya. Kibodi ya Kifaransa ndiyo mbaya zaidi, hata A na Q zimehama. Ukiweza, chukua ya Kiingereza.

Betri sasa. Tafuta cmd kwenye menyu, ifungue, andika powercfg /batteryreport ubonyeze Enter. Mashine itaandika ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Ifungue utafute mistari miwili, "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Wa kwanza ni uwezo betri ilipokuwa mpya, wa pili ni uwezo wa leo. Ukikuta 50,000 na 40,000, betri imebaki asilimia 80, safi. Chini ya asilimia 60, hesabu gharama ya betri mpya na uishushe kwenye bei. Ripoti nayo inaweza kudanganya betri ikiwa feki, kwa hiyo chomoa chaja, weka video ya YouTube, uache icheze wakati ukiendelea na mengine. Ndani ya dakika 20 asilimia haipaswi kuporomoka. Wakati huohuo sikiliza feni na ushike sehemu ya chini. Joto la wastani ni kawaida, hasa kwa hewa yetu ya Februari, lakini ikiunguza mkono kwa video moja tu, vumbi limeziba.

Chomeka flashi kila tundu. Jaribu hedifoni, kamera, maikrofoni na waifai kwa bando la simu yako.

Bado kuna kufuli, na hili nalijua kwa maumivu. Nilimnunulia binti wa dada yangu mashine nzuri kwa duka moja la mjini, nikaikagua kila kitu isipokuwa hilo. Miezi minne baadaye Windows ikaharibika, nikaipiga upya, na ilipopata intaneti kioo kikaandika jina la kampuni ya ng'ambo na kudai barua pepe ya mfanyakazi wa huko. Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwa mwenye nayo wa kwanza. Muuzaji alisema si kazi yake. Binti alimaliza muhula kwa kuazima, na mpaka leo nikimwona najilaumu.

Basi fanya hivi. Zima, washa tena, na uingie BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikikudai nywila, hiyo haikufai. Kisha mwombe muuzaji aiweke Windows upya mbele yako, na kwenye hatua za mwanzo uiunganishe na intaneti ya simu yako. Jina la kampuni likitokea, usiinunue, umeokoka. Kazi hii inachukua muda. Nenda kaswali Adhuhuri au kanywe chai, urudi. Muuzaji mwenye mali halali hatakasirika.

Hatua ya 7: Kulipa

Dai risiti ya EFD na, juu ya karatasi nyingine, dai maandishi yenye namba ya mashine iliyo chini yake, jina la prosesa, RAM, diski, na muda wa dhamana. Wiki mbili ni kidogo, mwezi ni wa haki, miezi mitatu ni neema. "Tunajuana, usijali" si dhamana. Linganisha chaja pia: umeme unaoingia (Input) usomeke 100-240V, na wati ziwe 45 au 65 kama mashine inavyotaka. Plagi ikiwa ya nchi nyingine, badilisha waya tu. Usitumie adapta iliyolegea inayotoa cheche.

Kama unanunua kwa mtu mtandaoni, usitume hata shilingi ya "kushikiza" kabla hujaishika mashine.

Hatua ya 8: Kuitunza pwani na safarini

Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu. Anayelala Raskazone au popote bahari inaposikika asiache mashine wazi dirishani usiku. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, viweke kwenye begi lake. Mara moja kwa mwaka fundi aifungue, atoe vumbi na abadilishe pesti ya kupooza prosesa.

Usiifanyie kazi juu ya godoro. Matundu ya hewa yako chini, na godoro linayaziba. Sinia la nyumbani linatosha kuwa meza. Umeme ukikatika, chomoa chaja mara moja, maana unaporudi huja kwa kishindo. Kama unaichaji kutwa, tafuta kwenye mipangilio ya mtengenezaji sehemu ya kuisimamisha ifikapo asilimia 80, betri itakaa miaka.

Kwenye basi la Dar es Salaam, kompyuta inakaa mapajani. Buti ni la magunia na madumu, na jua la Segera hadi Chalinze linalichoma lile bati saa nzima baada ya saa. Kwenye baiskeli, ivae mgongoni, usiifunge kwa mpira kwenye keria.

Na siku hiyohiyo ya kwanza, kabla hujaanza kuandika lolote, fungua akaunti ya Google. Inakupa GB 15 za kuhifadhi bure. Weka humo nakala ya kila kazi ya chuo, na nyingine kwenye flashi inayokaa mbali na kompyuta. Yule binti wa Muheza tulimrudisha dukani pamoja na mama yake, tukaongea kwa upole mpaka wakakubali kubadilishana kwa nyongeza kidogo, akapata EliteBook ya kizazi cha 8. Mwaka jana iliibiwa bwenini. Ramani zake zote za mwaka wa kwanza alizishusha tena kesho yake, kwenye kompyuta ya maktaba.